Tarumbeta la Mpira wa Maji

Mwaka 1981 nilikuwa mwanachuo wa ualimu, mwaka wa pili, nikapelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huko Temeke, kwenye viunga vya Dar es Salaam. Nilikabidhiwa Darasa la Tano lenye watoto 72 na madawati 20. Ilikuwa miaka michache tu tangu mpango wa Elimu kwa Wote wa mwaka 1977 ulipoyafungua malango ya shule, na watoto waliokosa madawati walikaa sakafuni, wengi wao nyuma, karibu na dirisha. Mimi nilikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi, na mkononi nilikuwa na chati ya ngazi ya muziki niliyoichora mwenyewe kwa wino wa rangi tatu, kuanzia do ya chini hadi do ya juu. Chati ile niliipenda kupita kiasi. Nakiri hivyo mapema ili msomaji aelewe yaliyofuata.

Siku ya Alhamisi mkufunzi wangu alikuja kunitazama katika kipindi cha Muziki. Niligusa do kwa fimbo ya kuonyeshea, darasa likaimba do. Niligusa so, darasa likatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Tulirudia mara ya pili na ya tatu. Kila tulipojaribu kupanda kutoka do kwenda so, nusu ya watoto waliishia njiani, na nusu nyingine walipitiliza. Ndipo kutoka sakafuni, karibu na dirisha, ikasikika sauti nene kama ya baragumu, iliyonyooka, kwanza ya chini, kisha ya juu. Darasa zima likageuka na kucheka.

Mpigaji alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili hivi. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia maji, kimekunjwa duara na kufungwa kwa kamba, na mwishoni kimechomekwa faneli ya mafuta ya taa. Nilimnyang'anya. Nilimtoa nje, akapiga magoti juani hadi kipindi kilipokwisha. Kabla hajatoka nilimwambia mbele ya wenzake kwamba huo ulikuwa uhuni wa kwao kilabuni, na shuleni haukuwa na nafasi. Mama yake alipanga chumba nyuma ya kilabu cha pombe, jirani na ukumbi wa dansi, na kila mwalimu pale shuleni alilijua jambo hilo. Mvulana hakujibu kitu. Aliutazama mpira wake ukiingia mkobani mwangu, akatoka.

Mkufunzi aliandika katika ripoti yake: udhibiti wa darasa, mzuri sana.

Kesho yake mvulana yule hakuja shuleni.

Jioni ya Ijumaa nilikuwa nimekaa barazani katika nyumba niliyopanga chumba, nikipanga maandalio yangu ya wiki iliyokuwa ikija. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mzee aliyelinda ghala usiku, mtu wa maneno machache, mwenye pengo la meno mawili ya mbele. Aliuona mpira uking'ang'ania kutoka mkobani.

"Mwalimu, hiki umekitoa wapi?"

"Nimemnyang'anya mtoto mtundu, Mzee. Alinivurugia somo."

Aliuchukua bila kuomba ruhusa. Aliugeuzageuza, akaupapasa kwa vidole kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Kisha akaingia chumbani mwake, akarudi na kitu kidogo kilichofungwa katika leso: kile kipande cha chuma chenye umbo la kikombe kidogo ambacho mpiga tarumbeta hukiweka midomoni. Yeye alikiita kidomo. Alikichomeka kwenye tundu la mpira, akafumba macho, akapuliza. Sauti ilitoka ya chini, kisha ya juu yake, kisha ya juu zaidi, sauti tano kwa jumla, bila kubonyeza chochote, kwa midomo na pumzi tu. Watoto wa uani walikuja mbio.

"Kidomo hiki ni changu, nilikinunua mwenyewe," aliniambia. "Tarumbeta lenyewe lilikuwa la bendi. Nilipoondoka, lilibaki."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mlinzi wa ghala niliyekuwa nikimwamkia kila jioni alikuwa amepuliza tarumbeta katika bendi za dansi za mji huu kwa karibu miaka ishirini.

Hapa sina budi kuliacha darasa langu kwa muda kidogo, kwa sababu safari ya tarumbeta kufika Temeke ina mafunzo mengi kwa mwalimu, nami chuoni sikuwahi kuambiwa hata neno moja juu yake. Tarumbeta liliingia kwetu kwa njia mbili, kambi ya askari na shule. Wajerumani walikuwa na bendi za matarumbeta za askari wao, na shule yao ya serikali pale Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi. Waingereza nao waliendelea na bendi za K.A.R. na za polisi. Lakini watu wa pwani hawakusubiri kualikwa. Tangu miaka ya 1890, kuanzia Lamu na Mombasa, vijana walikuwa wameanza kuiga gwaride na bendi hizo katika ngoma yao waliyoiita beni, wakajipa vyeo, wakashona sare, wakashindana. Vita Kuu ya Kwanza iliisambaza beni bara yote pamoja na askari na wapagazi, na miji ya Tanganyika ikawa na vyama vya Marini na Arinoti vilivyopingana hadi kufilisiana kwa karamu. Wengi wasiokuwa na tarumbeta la shaba walijitengenezea vyombo vyao kwa vibuyu na vifaa vilivyopatikana. Faneli ya mvulana yule, kwa hiyo, ilikuwa na ukoo.

Kutoka katika beni na bendi za askari zikachipuka klabu za dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, wakati Louis Armstrong wa Marekani alikuwa na umri wa miaka 31 tu, na katika siku zake za mwanzo vyombo vya kupuliza na ngoma ndivyo vilivyotangulia, magitaa yakafuata. Neno jazi lisimpotoshe msomaji. Kwetu lilikuwa na maana ya bendi ya dansi, na bendi hizo zilipiga zaidi rumba kutoka katika santuri za Kuba zilizouzwa huku tangu miaka ya 1930. Huko Morogoro, Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, hata aliiita bendi yake Cuban Marimba. Klabu zilikuwa mali ya wanachama, na vyombo vilinunuliwa kwa michango yao. Mwaka 1964 ikaja NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambamo mwanamuziki aliajiriwa na kulipwa mshahara, na chombo kilikuwa mali ya mwajiri. Matarumbeta ya kina Joseph Lusungu na Mnenge Ramadhani wa bendi hiyo yalijulikana na kila mtoto aliyeishi karibu na redio. Baadaye zikaja nyingine nyingi za mashirika na jumuiya, kama Vijana Jazz pale Kinondoni na Mlimani Park mwaka 1978.

Mpangilio huo wa ajira ulikuwa na heri yake, nami sitaubeza. Mpiga tarumbeta alikuwa na hakika ya chakula. Lakini mtu ambaye chombo chake si chake huanza upya kila ahamapo, na meno yakimtoka hana hata cha kuuza. Tarumbeta hushikizwa kwenye midomo, na midomo huegemea meno ya mbele. Jirani yangu alipopoteza meno mawili, sauti zake za juu zilikwenda nayo. Bendi aliyokuwamo ilimpa mkono wa kwaheri, na hapo palikuwa mwisho.

Nilimwuliza alifundishwaje. Alicheka. Mwalimu wake alikuwa askari mstaafu wa bendi ya K.A.R., na kwa miezi mingi hakumruhusu kupuliza. Alibeba chombo kwenda na kurudi ukumbini, akakifuta, akakitia mafuta kwenye vibonyezo vyake vitatu, akakaa nyuma ya wapigaji na kusikiliza. Kila wimbo ulipokwisha, yule askari alimgeukia na kumwambia: imba nilichopiga. Akikosea, hakupigwa wala hakucheshwa. Aliambiwa asikilize tena kesho. Alipoweza kuimba sehemu nzima ya tarumbeta, pamoja na mahali pa kunyamaza, ndipo alipopewa kidomo peke yake apulize, midomo itetemeke kama ya mtoto mchanga anayecheza na mate. Tarumbeta lenyewe lilikuja mwisho. Nota hakuzijua hadi alipokuwa mtu mzima, na alipozijua alizipenda, kwani sasa zilimwandikia kitu alichokwisha kukisikia.

Nilijaribu kumtetea mwalimu wa chati. Nilisema kwamba askari yule alikuwa na mwanafunzi mmoja, nami nina 72, tena kwa dakika 40. Mzee alikubali kwamba hiyo ni kazi nzito. Kisha akaunyanyua tena mpira.

"Lakini tazama hapa, Mwalimu."

Alinionyesha mahali ambapo mpira ulikuwa umeungwa. Kipande cha upana wa vidole vinne kilikuwa kimerudishwa mwishoni na kukazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kimefungwa vizuri hata hewa isipenye.

"Huyu amekata, akaona amezidisha, sauti imekuwa ya juu mno, akarudisha. Alikuwa anatafuta kitu. Na amekipata. Hii ndiyo sauti ya tarumbeta langu nisipobonyeza kitu."

Sikumwamini, nami niliichukulia kuwa majivuno ya uzee. Hata hivyo usiku ule niliupima mpira kwa futi kamba. Ulikuwa mita moja na nusu, kasoro kidogo. Miaka iliyofuata, nilipopata kitabu juu ya vyombo vya muziki, nilisoma kwamba bomba la tarumbeta la kawaida likikunjuliwa huwa na urefu wa karibu mita moja na nusu. Kila kibonyezo huongeza kipande cha bomba na kuishusha sauti: cha kati nusu toni, cha kwanza toni nzima, cha tatu toni na nusu. Bila kubonyeza, bomba hutoa sauti chache tu zinazopandana kwa mpangilio wake wa asili, na miongoni mwa hizo za mwanzo kabisa ni do na so. Mtoto yule, ambaye nina hakika hakuwahi kushika tarumbeta, alikuwa amesimama nje ya ukuta wa ukumbi usiku, akasikiliza, kisha akakata mpira kwa kisu mpaka ukalingana na alichosikia. Na darasa langu liliposhindwa kupanda kutoka do kwenda so, alipuliza chini, akapuliza juu. Sitaki kudai kwamba sauti yake ilikuwa sawasawa na so ya koo langu. Ila nilipolikumbuka tukio lile nikiwa kitandani, sikuweza tena kulisikia kuwa dhihaka.

Jumatatu nilikwenda kwao. Chumba kilikuwa na wapangaji wengine. Mama yake alikuwa amehama Jumamosi. Jirani mmoja alisema amekwenda Mbagala, mwingine alisema Rufiji kwa wazazi wake. Yawezekana walikuwa na mpango wa kuhama tangu zamani, na mimi sikuhusika. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Katika daftari la mahudhurio mwalimu wa darasa aliendelea kuweka alama ya kutokuwepo hadi mwisho wa muhula, kisha akaandika neno moja: mtoro.

Nilisoma habari za Louis Armstrong baadaye sana, katika kitabu cha maisha yake ya ujana alichokichapisha mwaka 1954. Jirani yangu alikuwa akimtaja mara kwa mara, kwani alikuwa na santuri yake moja, na alijua kwamba mtu huyo alifika Accra mwaka 1956 na Kongo mwaka 1960 na kushangiliwa kama mwana aliyerudi nyumbani. Nami nilitaka kujua ni nani aliyemfundisha. Armstrong alizaliwa New Orleans mwaka 1901, katika mtaa wa baa na ugomvi. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alikamatwa kwa kufyatua bastola barabarani, akapelekwa katika nyumba ya kurekebishia watoto weusi. Pale palikuwa na bendi ya watoto, na mwalimu wake aliitwa Peter Davis. Armstrong anaeleza kwamba Davis hakumtaka. Alimhukumu kwa mtaa aliotoka, akamwona ni mtoto mbaya, na fimbo alimpiga. Mtoto alikaa pembeni, akiyatazama mazoezi.

Kisha Davis akabadilika. Kitabu hakitoi sababu kubwa. Mwalimu alimtazama kwa muda, basi. Alimpa kwanza tari, kisha ngoma, kisha pembe ndogo ya bendi, kisha baragumu la kuamshia watoto asubuhi, na mwishowe koneti, ndugu wa tarumbeta, akamfanya kiongozi wa bendi. Bendi ilipopita mtaani kwao, wale wale watu wa baa walimwaga pesa kofiani hata zikatosha kununua vyombo na sare mpya. Baadaye Joe Oliver, mpigaji mkuu wa mji ule, alimchukua chini ya mkono wake, na mwaka 1922 akamwita Chicago. Yaliyofuata yamo katika santuri. Oliver mwenyewe aliharibikiwa na fizi na meno, akafa maskini mwaka 1938, kazi yake ya mwisho ikiwa ni kufagia ukumbi wa michezo. Nilipoufikia ukurasa huo nilimkumbuka jirani yangu na leso yake.

Lakini niliyemfikiria zaidi ni Davis. Kati ya siku aliyompiga Armstrong na siku aliyompa tari ilipita miezi, na katika miezi hiyo mtoto hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa malango yalifungwa. Davis alipata nafasi ya kujisahihisha kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa mfungwa. Mwanafunzi wangu alikuwa huru kuondoka.

Ndugu mwanachuo unayejiandaa kwenda mazoezini, huenda ungependa kujua nilifanya nini na wiki tatu zilizobaki. Niliwaeleza watoto kwamba nilikosea, jambo lililowashangaza kuliko mpira wenyewe. Kisha niliupeleka darasani. Mafundi wawili wa bomba walinipa mabaki ya mipira bure, tukawa na vipande vya urefu mbalimbali. Watoto walivipima kwa shubiri, wakavipuliza, wakagundua bila kuambiwa kwamba kirefu huzaa sauti ya chini na kifupi ya juu, na kipindi cha Muziki kikageuka kuwa cha Hesabu na Sayansi kwa wakati mmoja. Ukijaribu somo hili, kila mtoto awe na kipande chake cha kupulizia na kioshwe kwa maji ya moto, kwani magonjwa ya kifua huambukizwa kwa mate. Wapo watakaoshindwa kutetemesha midomo hata siku ya tano. Usiwaache wakae bure. Wape kazi ya kusikiliza na kuamua vipande vipi viwili vinalingana, na utakuta baadhi yao wana masikio kuliko wapulizaji. So tuliipata siku ya tatu. Nilipopuliza mpira ule chini na juu, darasa zima lilipanda pamoja. Chati niliitundika tena baadaye, nao waliisoma kama watu wanaosoma majina ya jamaa zao.

Mkufunzi alipokuja mara ya pili alilalamika kuhusu kelele.

Jirani yangu alifariki mwaka 1988. Katika miaka ya 1990 kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya matarumbeta katika bendi nyingi, ingawa Msondo Ngoma, ambayo ndiyo ile NUTA ya zamani, na Sikinde hawakuyaacha. Mahali ambapo chombo hicho kimepata uhai mpya ni barabarani. Siku za Jumamosi, kwenye harusi za Temeke, Kinondoni, Mbagala na kwingineko, vijana wa matarumbeta hupanda nyuma ya gari dogo la mizigo, wakawatangulia maharusi kwa vyombo vilivyobonyea na kuchomelewa, na wengi wao hawajawahi kuona karatasi ya nota.

Mpira ninao bado, umekauka na kupasuka karibu na faneli, lakini kiungo cha tyubu hakijaachia. Gari la harusi likipita, hutoka hadi barazani. Mvulana yule sasa anakaribia miaka sitini, na wapulizaji nyuma ya magari hayo ni vijana, wajukuu kwake. Hata hivyo huwatazama mmoja mmoja mpaka gari likate kona, na zaidi humtazama yule mtu mzima ambaye mara nyingi hukaa mbele na dereva, aliyewafundisha.